Vitamini kwa kidonge, kwa sindano au kwa dripu: namna ya kuchagua

Makala haya yanawahusu watu wa aina tatu. Wa kwanza ameambiwa na daktari achomwe sindano za vitamini B12, naye anajiuliza kama vidonge haviwezi kufanya kazi hiyohiyo. Wa pili amepewa vidonge na anaona amepunjwa, maana alitaka sindano. Wa tatu ni mzima wa afya, ila amesikia kuna dripu ya vitamini inayoondoa uchovu na kung'arisha ngozi, na pesa ya kuilipia anayo.

Wote wanauliza jambo moja: vitamini ipite wapi? Jibu lake linaanzia tumboni. Vitamini iliyo ndani ya kichupa cha sindano na iliyo ndani ya kidonge ni ileile. Sindano haiifanyi kuwa kali zaidi, inairusha tu sehemu ya safari. Ndiyo maana maswali ya msingi ni mawili. Je, njia ya kutoka mdomoni hadi kwenye damu inapitika? Na je, mgonjwa ana muda wa kusubiri vitamini ipite njia hiyo? Njia ikiwa imeziba, au muda ukiwa umekwisha, sindano ni tiba halisi na kuikwepa ni hatari. Njia ikiwa wazi na muda upo, sindano inakuongezea maumivu na gharama, na pengine hatari, bila kukuongezea chochote cha maana.

## Vigezo

Njia ninazolinganisha ni tatu: ya mdomo (vidonge, matone, dawa ya maji), sindano ya msuli, na dripu ya mshipani. Chakula sikukiingiza kwenye ulinganisho kwa sababu hakishindani na yoyote kati ya hizi. Ndicho kinachomtosha mtu asiye na upungufu, na aliye nao atakihitaji hata baada ya matibabu.

Kila njia naipima kwa mambo matano: inavyofika kwenye damu, kasi yake, hatari zake, ugumu wa kuiendeleza, na anayefaidika nayo.

Lakini kuna sharti la kwanza kabla ya yote hayo. Lazima upungufu uwe umethibitishwa, au iwepo sababu nzito ya kuushuku. Uchovu, ambao ndio huwapeleka wengi kuomba sindano, una vyanzo vingi mno: upungufu wa madini ya chuma, tezi ya shingo kuzembea, kisukari, usingizi mbovu, ujauzito mchanga, sonona, maambukizi ya muda mrefu. Hakuna vitamini itakayoamsha tezi iliyozembea. Chuma nacho si vitamini, ingawa watu hukiweka kwenye kapu moja na vitamini kwa jina la "dawa ya kuongeza damu". Mtu aliyepungukiwa chuma akichomwa B12 atabaki na upungufu wake, na miezi inapita.

Sharti hili lina upande wa vitendo ambao mara nyingi husahaulika: damu ya vipimo itolewe kabla ya sindano. Ukishachomwa B12, kiwango kitakachosomwa maabara kitakuwa juu tu, na hakitaeleza hali uliyokuwa nayo. Ushahidi unakuwa umefutwa.

## Njia ya mdomo

Inavyofika kwenye damu. Vitamini C na jamii ya B huyeyuka katika maji na hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba bila vurugu. A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo huhitaji nyongo na mafuta kidogo ya chakula. Kidonge cha vitamini D kinachomezwa pamoja na mlo wenye mafuta hufyonzwa vizuri zaidi kuliko kinachomezwa tumbo likiwa tupu.

B12 ina safari ndefu kuliko zote, na hapa ndipo mabishano yote ya sindano na kidonge yalipozaliwa. Kwanza tindikali ya tumbo huitenganisha na chakula. Kisha hushikwa na protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa tumbo lenyewe. Mwisho, protini hiyo huibeba hadi sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ambako kuna vipokezi vyake. Kituo kimoja kikiharibika, B12 ya kwenye chakula inapita moja kwa moja hadi chooni.

Ila kuna uchochoro. Takriban asilimia 1 ya B12 yoyote inayomezwa hupenya ukuta wa utumbo bila msaada wa ile protini. Kwenye chakula, asilimia 1 si kitu. Kwenye kidonge cha mikrogramu 1,000 ni kama mikrogramu 10, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Ndiyo sababu kidonge chenye dozi kubwa kinaweza kumfaa hata mtu ambaye tumbo lake halitengenezi protini hiyo kabisa. Mwaka 1998 jarida la Blood lilichapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa waliomeza mikrogramu 2,000 kila siku na waliochomwa sindano, na waliomeza vidonge hawakuachwa nyuma. Sweden imewatibu wagonjwa wengi wa B12 kwa vidonge kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo yule msomaji wa kwanza hajauliza swali la kipuuzi.

Kasi. Siku kadhaa hadi wiki kadhaa, na kwa upungufu mwingi huo ni mwendo unaotosha. Hata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C uliowaua mabaharia kwa maelfu, hutibiwa kwa mdomo. James Lind, daktari wa meli, alipowapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau mwaka 1747, waliamka ndani ya siku chache.

Hatari. Ni ndogo, lakini zipo. Vitamini A ikizidi kwa muda mrefu huharibu ini, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. D ikizidi hupandisha kalisi kwenye damu na kuumiza figo. B6 kwa dozi kubwa za muda mrefu huharibu neva na kuleta ganzi ileile ambayo mtu huenda alikuwa akiikimbia. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze wala asiache vidonge vyenye vitamini K bila kumwambia daktari wake, maana K inapingana na kazi ya dawa hiyo.

Kuiendeleza. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Kidonge cha kila siku kinahitaji mtu wa kukikumbuka kila siku. Kwa mzee anayesahau, au mtu ambaye tayari anameza dawa nane, nadharia ya asilimia 1 haina maana kama kidonge kimebaki kwenye kopo.

Anayefaidika nayo. Wengi wetu. Mjamzito na anayepanga kubeba mimba, ambaye hushauriwa mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa, maana utumbo wake ni mzima, unachokosa ni B12 ya kufyonza tu. Mwenye upungufu wa D. Mwenye B12 ya chini kiasi, asiye na dalili za neva, aliyepungukiwa nayo kwa sababu ya metformini (dawa ya kisukari) au omeprazoli (dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo). Na watoto wa miezi 6 hadi 59 katika maeneo yenye upungufu wa vitamini A: Shirika la Afya Duniani linapendekeza wapewe matone ya mdomoni, yuniti 100,000 kwa walio chini ya mwaka mmoja na 200,000 kwa waliozidi, kila baada ya miezi 4 hadi 6. Anayedhani cha mdomoni ni dhaifu autazame mpango huo. Ni wa kukinga upofu na vifo vya watoto, na hauna sindano.

## Sindano ya msuli

Inavyofika kwenye damu. Dawa huwekwa kwenye msuli wa bega, paja au tako, na kutoka hapo huingia damuni ndani ya saa chache. Tumbo na utumbo havihusiki kabisa. Hiyo ndiyo nguvu yake yote.

Kinachoendelea baadaye kinategemea ni vitamini gani. Ini huhifadhi B12 kwa miaka; akiba ya mtu mzima mwenye afya ni miligramu 2 hadi 5, na huchukua miaka kadhaa kumalizika. Ndiyo maana baada ya akiba kujazwa, sindano moja ya miligramu 1 ya hidroksokobalamini, aina ya B12 ya sindano, inaweza kukaa miezi miwili au mitatu. B1 haina ghala la namna hiyo, akiba yake huisha baada ya wiki mbili au tatu. Vitamini C na B2 zikizidi hutoka kwa mkojo. Ule mkojo wa njano kali baada ya sindano ya mchanganyiko wa B, ambao wengine huuona kama dalili kwamba dawa inafanya kazi, ni B2 inayotupwa na figo kwa kukosa pa kuiweka. Rangi nyekundu ya sindano ya B12 nayo si damu wala alama ya kuongeza damu, ni rangi ya kampaundi yenye madini ya kobalti katikati yake.

Kasi. Kwa B12 ni nzuri, na kuna mahali ambapo kasi hiyo ndiyo kila kitu. Upungufu mkubwa wa B12 hauishii kwenye damu, unakula neva na uti wa mgongo. Mtu huanza na ganzi au kuwaka moto miguuni, kisha anayumba gizani, anasahau, anabadilika tabia. Ukichelewa, sehemu ya uharibifu huo hairudi. Mwongozo wa Uingereza kwa mgonjwa mwenye dalili za neva ni sindano siku moja na kupumzika moja hadi nafuu isiongezeke tena, halafu kila miezi miwili. Asiye na dalili za neva huanza na sindano tatu kwa wiki kwa wiki mbili, kisha moja kila miezi miwili au mitatu. Uboho huanza kutoa chembe mpya ndani ya wiki moja hivi, na upungufu wa damu hurekebika kwa takriban miezi miwili. Neva ni za polepole, zinaweza kudai nusu mwaka au zaidi.

Hapa kuna mtego. Asidi ya foliki ikitolewa peke yake kwa mtu aliyekosa B12 inaweza kurekebisha damu yake ikaonekana safi kwenye vipimo, huku neva zikiendelea kuharibika. Mtu mwenye ganzi miguuni asijitibu kwa vidonge vya foliki.

Kwa vitamini D hadithi inageuka. Sindano ya D, yenye yuniti 300,000 au 600,000 ndani ya mafuta, hutoka msulini polepole, na kiwango chake kwenye damu huchukua wiki nyingi kupanda. Kidonge kinaiwahi. Anayeomba sindano ya D kwa sababu ana haraka amechagua njia ndefu. Hata suala la dozi moja kubwa ya kumaliza kazi kwa mwaka mzima limeshajaribiwa: utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa wanawake wazee yuniti 500,000 za kumeza mara moja kwa mwaka, na walianguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko waliopewa dawa isiyo na kitu. Mwili unapenda kidogo kidogo.

Hatari. Maumivu ni ya kawaida. Jipu linaweza kutokea. Sindano ya takoni ikichomwa mahali pasipo sahihi inaweza kujeruhi neva kubwa ya mguu, na mtu akabaki anachechemea. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuvilia damu ndani ya msuli. Mzio mkali ni nadra, lakini ukitokea unahitaji mtu mwenye dawa na ujuzi papo hapo. Katika siku za mwanzo za kutibu upungufu mkali wa B12, potasiamu ya damu inaweza kushuka kwa sababu uboho unaitumia kutengeneza chembe mpya, ndiyo maana mgonjwa dhaifu sana huanza akiwa hospitalini.

Halafu kuna sindano iliyotumika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 pekee sindano zisizo salama zilisababisha maambukizi mapya milioni 21 ya homa ya ini ya B, milioni 2 ya C na 260,000 ya virusi vya UKIMWI. Hali imeboreka sana tangu hapo, lakini hoja haijazeeka: sindano isiyohitajika ni hatari isiyohitajika. Ukichomwa, ifunguliwe mbele ya macho yako.

Kuiendeleza. Hapa sindano ya B12 inashinda kwa wengi. Mara nne hadi sita kwa mwaka, imekwisha. Dosari ni kwamba lazima kuwe na mchomaji, kituo na usafiri, na kwa aliyepoteza tumbo ni kazi ya maisha.

Anayefaidika nayo. Mtu ambaye kinga yake mwenyewe imeharibu chembe za tumbo zinazotengeneza ile protini. Aliyeondolewa tumbo lote, au aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito uliolipita tumbo. Aliyekatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, au ambaye ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa muda mrefu wa utumbo) umeishambulia. Mwenye dalili za neva, hata kama chanzo chake kingetibika kwa kidonge. Huyo hatuchezi naye bahati nasibu. Mwenye B12 ya chini anayetapika kila kitu, au ambaye imethibitika kwamba hamezi dawa.

Na mtoto aliyezaliwa leo. Huyu nampa aya yake, kwa sababu ndiye anayechomwa sindano ya vitamini bila kuonekana mgonjwa, na wazazi wengine huikataa kwa sababu hiyo hiyo. Vitamini K, inayohitajika ili damu igande, hupita kondo la nyuma kwa kiasi kidogo sana, maziwa ya mama yana kidogo, na bakteria wa utumbo wanaoitengeneza bado hawajakaa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto achomwe miligramu 1 ya K baada ya kuzaliwa. Asiyepata anaweza kutokwa damu katika siku za kwanza, au baadaye kati ya wiki ya pili na mwezi wa sita, na hiyo ya baadaye mara nyingi hutokea ndani ya ubongo bila onyo. Matone ya K ya mdomoni yapo, lakini hurudiwa mara kadhaa kwa wiki nyingi, na huwaangusha wale walewale walio hatarini zaidi: watoto wenye ugonjwa wa ini au wa nyongo ambao haujagunduliwa. Kati ya mambo yote katika makala haya, hili ndilo lenye ubishi mdogo kuliko yote.

## Dripu ya mshipani

Inavyofika kwenye damu. Yote, papo hapo. Mfano mzuri ni vitamini C. Ukimeza miligramu 200 karibu zote huingia, ukimeza zaidi ya gramu 1 huingia chini ya nusu, kwa sababu utumbo una mlango unaojibana. Dripu huuruka mlango huo na kufikisha viwango ambavyo mdomo hauwezi kuvifikia kamwe. Wauzaji wa dripu hukomea hapo. Wasichosema ni kwamba kiwango kikubwa damuni ni namba tu, si afya, na figo huanza kukipunguza tangu saa ya kwanza.

Kasi. Dakika. Kuna mgonjwa mmoja ambaye dakika hizo ni zake: aliyeishiwa B1 hadi ubongo umeathirika. Carl Wernicke aliueleza ugonjwa huu mwaka 1881. Mtu anachanganyikiwa, macho yanacheza au hayafuatani, anatembea akiyumba. Wenye dalili zote tatu kwa pamoja ni wachache, kwa hiyo madaktari hutibu kwa kushuku tu, hawasubiri maabara. Huwapata wanywaji pombe wa muda mrefu, lakini pia wajawazito wanaotapika wiki baada ya wiki, waliokaa na njaa kali, na waliofanyiwa upasuaji wa tumbo kisha wakashindwa kula. Kwa watu hawa, dripu ya glukosi bila B1 inaweza kuwazidishia, kwa sababu mwili hutumia B1 kuchoma sukari. Hutolewa B1 kwanza au vyote pamoja. Ukiwa na ndugu mjamzito ambaye ametapika kwa wiki kadhaa na sasa anaongea mambo yasiyoeleweka, litaje hilo wodini. Si ujuaji.

Hatari. Mshipa unaweza kuvimba au kuingiwa na maambukizi. Moyo au figo dhaifu zinaweza kuzidiwa na maji. B1 ya mshipani, mara chache, huleta mzio mkali. Vitamini C nyingi kwa dripu inaweza kuvunja chembe nyekundu za mtu aliyerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, inaweza kuacha fuwele kwenye figo, na huidanganya mashine ndogo ya kupimia sukari ikaonyesha namba ya juu kuliko ukweli. Mgonjwa wa kisukari akiongeza insulini kwa kuiamini namba hiyo, yuko matatani. Hata kwa wagonjwa mahututi, ambao wengi walidhani watafaidika, matokeo hayakuwa kama ilivyotumainiwa: utafiti wa LOVIT wa mwaka 2022, kwa wagonjwa wa maambukizi makali ya damu, ulikuta waliopewa vitamini C kwa dripu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa au viungo kuendelea kushindwa kuliko ambao hawakupewa.

Kuiendeleza. Kila mara dripu inahitaji wodi au kliniki, na mshipa mzuri.

Anayefaidika nayo. Mgonjwa wa B1 niliyemweleza. Anayetokwa damu nyingi kwa sababu ya warfarini, ambaye hupewa K polepole mshipani. Na mtu ambaye utumbo wake haufanyi kazi kabisa hivi kwamba chakula chake chote kinapita mshipani. Huyo asipotiwa vitamini kwenye chakula hicho, mambo huharibika upesi. Mwaka 1997 Marekani ilikumbwa na uhaba wa vitamini hizo za mshipani, na baadhi ya wagonjwa waliolishwa bila B1 walipata tindikali ya hatari kwenye damu.

Dripu za urembo na za uchovu hazimo kwenye orodha hiyo. Mtu mzima anayekula na asiye na upungufu hana pengo la kuzibwa. Anajisikia vizuri baadaye, sikatai: amelala chali saa nzima, amepata lita ya maji, kuna mtu amemhudumia, na sindano ina namna yake ya kumwaminisha mtu kuliko kidonge. Glutathioni ya kung'arisha ngozi, ambayo huchanganywa humo, si vitamini hata kidogo, na mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi.

## Kulingana na hali yako

*Umechoka tu, hujapimwa.* Usichague njia yoyote kwanza. Omba picha kamili ya damu, chuma, sukari, tezi na B12, kisha turudi kwenye swali.

*B12 yako iko chini, huna ganzi, unakula kila kitu, unatumia metformini au dawa ya tindikali.* Kidonge cha mikrogramu 1,000 kila siku ni mwanzo unaofaa. Pima tena baada ya miezi michache. Isipopanda, tumbo lenyewe lichunguzwe.

*B12 iko chini na una ganzi, unayumba au unasahau.* Sindano, na mapema. Suala la vidonge litajadiliwa baada ya neva kutulia.

*Umethibitishwa tatizo la tumbo lakini unaogopa sindano, au kituo kiko mbali.* Jaza akiba kwa sindano za mwanzo, kisha mwulize daktari kuhusu kuendelea na kidonge cha dozi kubwa chini ya vipimo. Kwa wengi inawezekana. Kwa anayesahau dawa, hapana.

*Mgongo unauma na umeandikiwa sindano za B1, B6 na B12.* Uliza upungufu gani unatibiwa. Kama mgongo umebanwa na disku au msuli umekaza, vitamini hazifiki kwenye chanzo, na kinachopunguza maumivu huenda ni dawa nyingine iliyochanganywa nazo.

*Vitamini D iko chini.* Vidonge au matone, pamoja na mlo. Sindano ibaki kwa mwenye utumbo usiofyonza mafuta au aliyeshindwa kabisa na dawa ya mdomo.

*Mjamzito anayetapika sana.* Kama vidonge vinatoka, sema. B1 ya sindano au dripu inaweza kuhitajika kabla ya mambo kuharibika, hasa kabla ya glukosi.

*Mtoto mchanga.* K, leo.

*Unapenda dripu na unajilipia.* Angalau wajue kama una ugonjwa wa figo, moyo, kisukari au G6PD, na kama una mimba. Kituo kisichouliza lolote kati ya hayo, ondoka.

*Umechomwa B12 kwa miaka na hukumbuki kwa nini ulianza.* Usiache ghafla. Huenda ulianza kwa sababu nzito ambayo akiba ya ini itaificha kwa muda mrefu kabla ganzi haijarudi. Tafuta rekodi ya mwanzo, uliza kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo au utumbo. Kupima kiwango cha B12 hakutakusaidia tena, lakini kipimo cha kingamwili zinazoishambulia ile protini ya tumbo bado kina maana hata baada ya miaka ya sindano, mradi damu isitolewe siku chache tu baada ya kuchomwa. Panga itolewe mwishoni mwa kipindi chako, kabla ya sindano inayofuata.